Nina siku nne za kumzika mke wangu, sina hata moja ya kumuuguza

Waheshimiwa mnaosimamia afya, nanyi mnaosimamia kazi na ajira katika nchi yetu,

Nawaandikia kutoka Tanga. Mimi ni karani wa ghala, baba wa watoto watatu, na mume wa mwanamke anayeishi kwa figo ya mdogo wake wa kiume. Barua hii ningeweza kuipeleka kwa njia ya kawaida, ikagongwa mhuri wa kupokelewa na kuingia kwenye faili. Nimeona niiandike wazi, kwa sababu najua majumbani wapo wengine wanaoamka usiku kama mimi kumpima mwenzao joto, na jambo hili wanalo rohoni.

Septemba 2022, siku ya Jumatatu asubuhi, niliingia ofisini kwa afisa rasilimali watu wa kampuni yetu. Mke wangu alikuwa amelazwa katika hospitali ya rufaa, safari ya kutwa kwa basi kutoka hapa. Figo aliyopandikizwa miezi saba kabla ilikuwa imeanza kukataliwa na mwili wake, na madaktari walitaka mtu wa kukaa naye. Dada yule hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akanipa pole, akatoa kabatini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, akafungua kifungu cha 34 na kunisomea akifuatisha mistari kwa ncha ya kalamu. Mtoto wangu akiugua, ninapata angalau siku nne zenye malipo. Mtoto akifariki, vivyo hivyo. Mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka, dada au mwenzi wangu wa ndoa akifariki, siku hizo hizo nne. Akasoma mara ya pili kimoyomoyo, midomo ikicheza, kalamu ikirudi juu na kushuka tena. Kisha akafunga kitabu.

"Kaka yangu," akasema, "mke akiugua, humu hamna."

Angekufa, ningelipwa nikamzike. Alikuwa hai, anahitaji kugeuzwa kitandani, na sikuwa na siku hata moja. Siku zangu 28 za likizo ya mwaka nilikuwa nimezimaliza mwezi Februari kwenye upasuaji wenyewe. Ningeugua mimi, sheria hiyo hiyo inanipa hadi siku 126 ndani ya miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Wenzangu ghalani, kwa kunionea huruma, waliniambia niende kwa daktari mmoja nikachukue ED, cheti cha kupumzishwa kazi kwa ugonjwa, niandikiwe kwamba naumwa mgongo. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikaitwa, halafu nikainuka nikaondoka. Sikuweza kusema uongo juu ya mwili wangu mzima wakati wa kwake ulikuwa unakatika. Lakini simlaumu aliyeweza, maana sheria iliyoandikwa hivi inamsukuma mtu mwaminifu mpaka kwenye benchi lile.

Kiswahili kina neno kamili kwa kazi niliyokuwa naiombea ruhusa. Kuuguza. Kutibu ni kwa daktari, kuugua ni kwa mgonjwa, na kuuguza ni kwa yule wa tatu aliyekaa pembeni ya kitanda na chupa ya chai na nguo za kubadilisha. Nataka niwaeleze huyu wa tatu anafanya nini mwili wa mtu unapopandikizwa kiungo, kwa sababu naamini waliotunga kifungu kile hawakumwona. Wangemwona wasingemwacha nje.

Ugonjwa wenyewe ulianza na mimba yetu ya tatu, mwaka 2018. Presha ilipanda, mtoto akazaliwa salama, presha ikakataa kushuka. Mke wangu ni fundi cherehani pale Ngamiani, mtu wa kukaa kutwa, na miguu ikivimba alisema ni ya cherehani. Tulipofika kwa daktari figo zote mbili zilikuwa zimebaki jina. Akaanza kusafishwa damu: mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, sindano mbili nene mkononi. Siku anayosafishwa anarudi amechoka kama aliyelima, siku inayofuata anapumua, siku ya tatu tunarudi tena.

Mgonjwa haulizwi uji, tumefundishwa hivyo. Kwetu uji ulianza kuulizwa. Nilikuwa na kikombe cha plastiki chenye mstari wa rangi ya kucha niliouchora mwenyewe: maji, chai, mchuzi, uji, vyote vya siku nzima visipite vikombe viwili. Kikizidi kinaingia kwenye mapafu. Dafu likawa haramu nyumbani, na ninyi mnajua Tanga dafu liko kila kona. Potasiamu iliyomo, kwa mtu asiye na figo, inaweza kuusimamisha moyo. Viazi nilivikata vidogo, nikaviloweka, nikachemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena. Binti yetu mkubwa, akiwa na miaka kumi, alijua kulisoma daftari la chakula cha mama yake kuliko la hesabu.

Kuhusu figo, nilijitolea kabla sijaombwa. Damu yangu ni kundi O, inakubalika kwa wengi, na nilidhani kwa hilo tu kazi imekwisha. Vipimo vilichukua wiki kadhaa. Mkojo wa saa 24 ulikusanywa kwenye dumu la lita tano, nikapanda nalo daladala limefungwa kwenye mfuko mweusi nikiwa nimelikumbatia kifuani. Picha ya mishipa, moyo, sukari, ini, virusi. Nikapita vyote. Kikabaki kipimo cha mwisho, cha kuoanisha: wanachukua majimaji ya damu yake na seli za damu yangu, wanaviweka pamoja, wanatazama. Kinga yake iliziua seli zangu.

Daktari alituketisha wote wawili. Alisema kila mimba inambeba baba nusu. Mwili wa mama unamlea mtoto, lakini pia unaijua ile nusu ngeni, na mara nyingine unajitengenezea kingamwili dhidi yake na kuihifadhi kwa miaka. Hivyo wanaume wengi hawawezi kuwapa figo wake zao waliowazalia. "Watoto watatu," alisema, "wameufundisha mwili wake kukutambua."

Sijui kama nimewahi kusikia jambo zito kuliko hilo. Watoto niliokuwa namshukuru Mungu kwa ajili yao ndio waliokuwa wameifunga njia ya mimi kumwokoa mama yao. Nilitoka nje, nikasimama karibu na bomba la kunawia mikono, nikalifungua na kulifunga bila kunawa. Mke wangu akanifuata polepole. Akasema, "Usilie, baba watoto. Mwili wangu unakukumbuka tu."

Nimeieleza hii kwa kirefu kwa sababu inahusu sera. Mwanamke aliyezaa mara kadhaa ni mgumu zaidi kupatiwa figo inayomfaa, na wanawake waliozaa ndio wengi wa wanawake wetu. Anayewapangia huduma hii lazima ajue kwamba mume si ghala la akiba, na kwamba kwa wengi wao atahitajika ndugu wa damu, ambaye naye ana maisha yake.

Ndugu huyo kwetu alikuwa shemeji yangu, mvuvi wa Sahare, kijana wa miaka 27. Alipokubalika alicheka akasema dada yake alimbeba mgongoni akiwa mdogo, sasa ni zamu yake. Mtu anayetoa figo haruhusiwi kunyanyua kizito kwa wiki nyingi, na kuvuta nyavu ni kunyanyua kizito. Hana mwajiri, hana likizo, hana mfuko. Mvuvi asiyekwenda baharini hana fungu. Nahodha wake na wenzake wa chombo walikaa pwani wakaamua: kwa wiki nane waliliweka fungu lake kila walipogawana, wakalituma nyumbani kwa mama yake. Wanaume saba wasio na kifungu chochote cha sheria walimlipa mtoaji figo likizo yenye malipo. Waheshimiwa, nawaomba mlikumbuke hilo mnapokaa kwenye meza zenu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siwezi kuandika barua hii bila kushukuru kwamba umefanyika ndani ya nchi. Zamani tungeambiwa India. Tangu Novemba 2017, Muhimbili walipopandikiza figo ya kwanza kwa msaada wa wataalamu wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipofuata mwaka 2018 kwa kushirikiana na Wajapani, mgonjwa Mtanzania anaweza kupata figo akiwa anasikia Kiswahili wodini. Mimi niliona kwa macho yangu mfuko wa mkojo ukijaa asubuhi ile, mwanamke ambaye kwa miaka miwili alikuwa hakojoi, na muuguzi akisoma namba kwa sauti ya furaha kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

Shida yangu inaanzia pale mnapomaliza kupiga picha.

Figo ngeni haizoeleki. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa duniani, kule Boston Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana. Mwili haukuona mgeni. Sisi wengine wote tunaishi kwa dawa za kuituliza kinga, kila siku, maisha yote. Kuu kwake inaitwa takrolimasi. Inanywewa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, haisogezwi. Ikipungua kwenye damu, kinga inaamka na kuishambulia figo. Ikizidi, dawa hiyo hiyo iliyowekwa kuilinda figo inaiunguza. Kati ya pungufu na zaidi ni njia nyembamba sana, na njia hiyo haionekani kwa macho. Inaonekana kwa kipimo cha damu tu, damu inayotolewa asubuhi kabla ya kunywa dozi.

Kwa hiyo nyumbani tukawa na ratiba. Simu yangu inalia saa mbili usiku, watu wakiwa ndio wanatoka kuswali Isha. Ramadhani ile iliangukia Aprili, miezi miwili baada ya upasuaji. Hakufunga, na nilikuwa namwachia chakula cha mchana chini ya kawa kabla sijaenda kazini, yeye akila huku anaona haya mbele ya watoto waliofunga. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari: uzito, presha, joto, mkojo kiasi gani, dawa saa ngapi. Daftari la kawaida la kurasa 96. Baadaye nitawaambia lilifanya nini.

Mwishoni mwa Julai alipata fangasi za kinywani, jambo la kawaida kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa. Nilikuwa kazini. Akaenda duka la dawa la jirani, akapewa flukonazoli, dawa nzuri kabisa ya fangasi. Hakuulizwa anatumia nini kingine, na yeye hakujua kwamba inafaa kusema. Ini lina njia yake ya kuivunja takrolimasi. Flukonazoli ikiingia inaziba njia hiyo, na takrolimasi inaanza kurundikana kwenye damu.

Siku ya tano jioni nilimkuta amekaa kwenye cherehani, uzi mkononi, sindano mbele yake. Alikuwa anajaribu kuutia uzi kwenye tundu. Aliulowesha mdomoni, akausogeza, ukapita pembeni. Akaulowesha tena. Mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mtu mwenye homa ya baridi, na mwanamke huyu hutunga uzi huku anaongea na mteja bila kutazama. Mara ya sita akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama kama si yake. "Labda macho," akasema.

Hayakuwa macho. Kutetemeka mikono ni dalili ya takrolimasi kuzidi. Nilijua kwa sababu muuguzi mmoja siku ya kutoka wodini alinitajia kwa mdomo, akiwa mlangoni, na mimi nikaandika kwenye jalada la daftari. Lau asingesimama pale mlangoni, nisingejua.

Kipimo cha kuhakikisha hakikuwepo mjini kwetu. Asubuhi tulitoa damu, kichupa kikawekwa kwenye kiboksi cha barafu, nikakikabidhi kwa kondakta wa basi na kumpa na ya soda, huko mbele akapokee binamu yangu aipeleke maabara. Majibu yalirudi baada ya siku sita. Hapo katikati nilimpata daktari kwa simu siku ya pili, akapunguza dozi kwa kukadiria, kama ambavyo daktari yeyote mwenye busara angefanya. Mke wangu akaacha flukonazoli. Njia ya ini ikafunguka. Sasa dozi ikawa ndogo na ini linaivunja kwa kasi yake ya kawaida, na takrolimasi ikaporomoka chini ya kiwango bila mtu kuona, kwa sababu majibu tuliyokuwa nayo mkononi yalikuwa ya damu ya wiki iliyopita. Wenzake shemeji wangeelewa haraka: ni kuendesha chombo kwa upepo wa juzi.

Kreatinini, ile takataka ambayo figo nzima huitoa na kutupa, ilikuwa 98 mwezi Juni. Agosti ikawa 187. Tarehe za mwanzo za Septemba ikawa 260, na mkojo ukapungua, na pale juu ya nyonga ya kulia ilipo figo mpya pakawa panauma akiguswa. Tukapanda basi alfajiri.

Wodini daktari bingwa alipofika hakuomba faili. Aliniuliza, "Baba, una kumbukumbu zozote za nyumbani?" Nikampa daftari. Alilifungua akasimama nalo dirishani, akarudi nyuma mpaka Julai, akaweka kidole kwenye siku ya flukonazoli, kisha kwenye siku mkojo ulipoanza kupungua. Akawaita madaktari wadogo akawaonyesha. Walichukua kipande cha figo kwa sindano kuthibitisha, akalazwa chali kwa saa nyingi asijigeuze ili isivuje damu, na mimi ndiye niliyekuwa namfuta jasho na kumshikia beseni. Ilikuwa kweli kinga imeanza kuishambulia. Akaanzishiwa siku tatu za steroidi nzito, dawa za kuishusha kinga kwa haraka, kwa mshipa.

Ilikuwa siku ya kwanza kati ya hizo tatu nilipolazimika kumwacha na kurudi Tanga kuomba ruhusa, ndipo nikasomewa kifungu cha 34.

Meneja wangu, Mungu amjalie, alinipa siku kumi na moja bila malipo. Hakulazimika. Nilirudi nikakuta steroidi zimepandisha sukari mpaka 18, na muuguzi akanifundisha kumchoma insulini. Nilijifunzia kwenye chungwa. Nilidunga, nikachomoa, nikadunga, mpaka chungwa likawa linatoa maji kila upande, ndipo nikaruhusiwa kugusa tumbo la mke wangu. Mwezi ule tuliishi kwa deni, na ada ya shule ikasubiri. Figo ilipona, lakini haikurudi 98. Ilitulia kwenye 142, na hapo ndipo tulipo. Sehemu iliyokufa haifufuki.

Naomba tuitazame hesabu hii kwa pamoja. Taifa lilitumia madaktari bingwa, chumba cha upasuaji, wiki za wodi na figo ya kijana mzima kumpa mama mmoja nafasi ya pili. Nafasi hiyo nusura ipotee kwa sababu ya vidonge vya fangasi, majibu yaliyochelewa siku sita, na mtu wa nyumbani asiye na ruhusa ya kuwa nyumbani. Kama figo ingekufa, angerudi kwenye kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gharama yake ingerudi pale pale ilipokuwa, juu yetu na juu ya bima.

Ninachoomba kwanza ni maneno machache ndani ya kifungu cha 34, pale penye kuugua kwa mtoto: paongezwe kuugua kwa mwenzi wa ndoa. Sioni mbunge atakayesimama kupinga. Siku nne ni chache mno kwa ugonjwa kama wetu, najua, ila zingenitosha kukaa kando yake mpaka steroidi ziishe na kujifunza sindano bila kuchagua kati ya mshahara na yeye. Kwa magonjwa makubwa yanayohitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, na daktari akathibitisha kwa maandishi, naomba siku ziongezwe hadi mwezi, na mzigo usiachiwe mwajiri peke yake. Mwenye duka lenye wafanyakazi wanne hawezi kuubeba. Mama anayejifungua analipwa mafao ya uzazi na mfuko wa hifadhi ya jamii kwa sababu tulikubaliana uzazi ni jambo letu sote. Kuuguza nako ni jambo letu sote. Hakuna nyumba isiyofikiwa.

Mtoaji wa kiungo naye atajwe kwa jina lake ndani ya sheria. Yeye si mgonjwa, aliingia hospitali akiwa mzima kuliko sisi wote, kwa hiyo mwajiri akitaka anaweza kumwambia likizo ya ugonjwa haimhusu. Ahesabiwe kama mgonjwa mpaka daktari atakapomruhusu kufanya kazi. Na asiyeajiriwa, kama shemeji yangu, apatiwe fidia ya siku alizopoteza. Sizungumzii kununua figo, Mungu apishie mbali. Nasema asitoke hospitalini maskini kuliko alivyoingia.

Kuhusu kipimo cha takrolimasi, nawaomba msiniambie mitambo ni ghali kuiweka kila mkoa. Siombi mtambo kila mkoa. Nchi hii inajua kusafirisha damu. Damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI inatoka kliniki za vijijini kabisa, inafika maabara kubwa, na majibu yanarudi, na mgonjwa aliyetulia anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Mfumo ule uliokoa maisha ya watu wengi na ulijengwa na Watanzania hawa hawa. Kichupa cha mke wangu kingeweza kupanda gari hilo hilo badala ya kwenda na kondakta. Majibu yatumwe kwa simu siku yanapotoka, kwa daktari na kwa anayeuguza.

Na pawe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana na muuguzi anayeijua kazi ya upandikizaji. Anayeuguza akiona mikono inatetemeka, asitegemee bahati ya kilichosemwa mlangoni. Wauzaji wa maduka ya dawa nao wafundishwe swali moja tu la kuuliza kabla ya kutoa dawa ya fangasi, ya kifua au ya kifua kikuu: umepandikizwa kiungo? Mgonjwa apewe kadi ngumu ya kuvaa au kubeba yenye majina ya dawa asizopaswa kuchanganya, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Mwisho, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, na vifurushi vyake ndivyo vitakavyoamua nani anaishi. Dawa za baada ya kupandikizwa zihesabiwe kuwa ni upandikizaji wenyewe. Kulipia upasuaji na kuacha dawa ni kujenga nyumba bila kuezeka.

Sina la kuongeza ila hili la kesho. Kesho Jumatano ni siku yake ya kutolewa damu. Ataamshwa saa kumi na mbili, hatakunywa dawa mpaka kichupa kijae. Barafu iko kwenye friji ya jirani. Basi linaondoka saa mbili na nusu, na mimi ninatakiwa niwe nimesaini ghalani saa mbili kamili, hivyo binti yetu, sasa ana miaka kumi na minne, atachelewa shule akipeleke kiboksi stendi. Nimemwandikia mwalimu wake kikaratasi cha kumwombea ruhusa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Karani wa ghala, Tanga